Tisa kwa Kumi

Ruhaga alisema, akihesabu fedha za miche:
"Katika kila kumi, tisa ni ya ganda jembamba."
Akaondoka. Michikichi ikakua miaka minne, ikazaa,
na Simbo tukaanza kununiana.

Enesi alitupa kokwa mbili mezani pa ushirika:
ko, ko.
"Ganda nene. Mafuta yako wapi?"
Lakini kokwa mbili si shamba,
na uchungu wa Enesi, ingawa ni wa kweli,
nao si shamba.

Nikasema: kwanza tumwamini.
Tulivae neno lake kama koti la kuazima,
tuone litabana wapi.

Namba za michikichi yote, elfu sita na ushei,
tulizikunja ndani ya ndoo iliyonuka mawese.
Binti wa Gwasa akachota mia,
kafumba macho bila kuambiwa.
Namba zikatupeleka bondeni, kwenye siafu.
"Si tukate huu wa barabarani?" Gwasa alinong'ona.
Hapana. Mti ulio karibu
husema unachotaka kusikia.

Na kabla ya kisu, mstari.
Niliuchora ukutani kwa mkaa:
neno likiwa kweli, tutegemee tisini,
bahati ipepesuke, tatu huku, tatu kule.
Themanini na tano, tunalibakiza.
Themanini na nne, limeanguka.

Siku tatu tulipasua chikichi.
Wa mia ulikuwa mchikichi wa mama yangu.
Hadi hapo, membamba themanini na minne.
Mama alishika tawi, hakusema kitu.
Nikakata.

Nene.

Enesi akapiga kigelegele. "Mwizi!"
Sikuandika mwizi.
Niliandika: neno la tisa kwa kumi tumelikataa.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
muuzaji mkweli kabisa, kwa mkosi mtupu,
angeweza kuangukia hapa au chini zaidi
mara nne katika mia.

Ruhaga alikuja Jumatatu, akausoma ukuta.
"Kokwa moja tu," alisema. "Sogeza mkaa kidole kimoja."
Nikamwambia mkaa ulitangulia kisu.
Akatikisa kichwa, akaahidi miche mingine.

Usiku naigeuza mfukoni kokwa ya mama,
ngumu, haina hatia,
nikiwaza zile nne.