Ndoo ya Ndasa
(Darasa la Tatu, Sikonge)

Kashindye husoma kama mvua juu ya bati:
silabi haimkwamishi, nukta haimpunguzi mwendo.
"Mzee Ndasa alirina asali adhuhuri,
akarudi na ndoo imejaa."
Vizuri. Ndasa alifanya nini?
Kimya. Anatazama juu,
kana kwamba jibu limening'inia kwenye kenchi.

Mwaka mzima nimefundisha midomo.
Ba, be, bi, chaki puani,
na mkaguzi akaandika: wanasoma.

Jana nikamwambia, funga kitabu.
Babako akienda porini hubeba nini?
Kamba, akasema. Shoka. Mwenge. Na giza.
Giza?
Nani arine mchana, mwalimu, nyuki wakiwa macho?

Nikamrudishia ukurasa.
Safari hii alikwenda polepole, kidole chini ya neno,
akafika "adhuhuri", akasimama,
akarudi nyuma kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Mwalimu, huyu Ndasa mwongo.
Au ndoo ilijaa kweli, ila uso ulimvimba;
kitabu hakikusema."

Sikumsahihisha.
Nje rimu la gari liligongwa, wenzake wakatoka mbio.
Yeye alibaki mle ndani ya mstari,
anamzunguka Ndasa,
amwone uso.