Siku Isiyohesabiwa

Inverness, Juni, na giza limekataa kuja.
Ndege ya mwisho kutoka Bristol imechelewa saa mbili.
Rubani amenipa daftari la hitilafu kupitia dirishani
kama mtu anayerudisha sahani chafu:
valvu ya hewa, upande wa kushoto, haifunguki.

Nimepanda na tochi, nimeigonga, nimeisikiliza.
Haifunguki.
Kitabu kinaruhusu iruke hivyohivyo, siku tatu,
bila kupaa juu sana, abiria wasijue lolote.
Siku tatu za kalenda.
Siku ya kugundua haihesabiwi.

Sasa nisaidie, wewe unayesoma:
niligundua siku gani?

Saa ya ukutani, juu ya birika la Eilidh,
inasema sita na dakika ishirini usiku, Jumatano changa.
Saa ya daftari, ya Grinwichi, isiyojua kiangazi,
inasema tano na ishirini, Jumanne bado ina pumzi.
Na saa ya tatu, isiyomo katika kitabu chochote humu,
ya marehemu bibi yangu kule Wete,
inasema Jumatano iliingia jua lilipozama,
na jua la huku limezama sasa hivi tu, shingo upande.

Simu inalia. Ni Gareth wa mipango, yuko Luton,
sauti laini kama mkate uliolowa maziwa.
Valvu mpya itafika Jumamosi mchana, anasema.
Ukiandika Jumatano, Jumamosi yote ni yetu.
Ukiandika Jumanne, Ijumaa usiku ndege inalala.
"Sikuambii uandike nini, Bi Zuwena.
Nakuuliza tu, hapo ulipo ni saa ngapi?"

Hakusema uongo. Ndilo tatizo.
Sheria ni msumeno, tulifundishwa, hukata mbele na nyuma;
lakini msumeno huu una jino limeng'oka,
pengo la saa moja, kila kiangazi,
na katika pengo hilo hupita ndege nzima
na viti vyake arobaini na vinane.

Nilisoma ukurasa ule mara nne nikitafuta neno.
Palikuwa na "sharti", palikuwa na "isizidi",
palikuwa na nukta pale mwandishi alipochoka
akaenda kunywa chai.
Eilidh akasema: chagua moja, twende nyumbani.

Niliandika Jumanne.
Si kwa ushujaa. Kila saa nyingine katika daftari lile
ilikuwa ya Grinwichi, na sikupenda
siku moja iwe mgeni kati ya wenyeji.
Basi.

Jumamosi alfajiri ndege ilikuwa imelala, pua ndani ya ukungu.
Mwanamume mwenye keki ya harusi katika boksi alinitazama
kana kwamba mimi ndiye niliyeichora kalenda.
Valvu ilikuja saa saba na robo. Niliifunga kwa dakika tisini.
Ile ya zamani niliifungua mezani: vumbi kidogo, springi imechoka.
Huenda ingevumilia siku moja. Huenda ingevumilia mwezi.
Sina la kukuhadithia hapo.

Nikawaandikia wenye kitabu: tafadhali, ongezeni neno,
lolote, bora liwepo.
Walinyamaza mpaka mwisho wa Oktoba,
wiki ileile saa mbili za karakana zinaporudi kukubaliana,
ndipo ukurasa mpya ukafika:
"siku ya kalenda, kwa saa za mahali ilipo ndege."

Za mahali ilipo ndege.
Jumatano, basi. Gareth alikuwa sahihi miezi minne
kabla ya usahihi wake kuandikwa.

Nilicheka peke yangu, mikono ina grisi.
Nikachomoa ukurasa wa zamani, nikachomeka mpya,
nikaweka sahihi, nikaweka tarehe,
na kwenye kisanduku cha saa kalamu ikasita kidogo,
halafu ikatii.