Uwanja Umenyamaza

Jumatatu sikusikia mluzi.
Miaka kumi na tisa kuchakulo wa nyuma ya ua wangu
wamenipigia kelele nikitoka na ndoo ya maji machafu,
kila mmoja amesimama wima mlangoni pa shimo lake
kama karani aliyenyimwa mshahara.
Leo mashimo yako wazi. Hakuna karani.

Mjukuu wangu Amadeo akacheka: "Afadhali, bibi,
sasa tutapanda maboga."
Nikamwambia rudi ndani, na usivue soksi.
Kimya kina mshindo; hapa Ojo Seco
tunaujua mshindo huo kwa jina.
Mnyama akifa, kiroboto hafi naye.
Hukaa kizingitini, mdogo kuliko punje ya ufuta,
akingoja chochote chenye damu ya moto kipite:
sungura, mbwa, kisigino cha mtoto.

Wanasema paka akiondoka, panya hutawala.
Waje wamwone Ceniza wangu, wa jivu kwa jina na kwa rangi:
yeye haondoki, na panya anamleta mwenyewe,
anamlaza zuliani mbele ya kiti cha marehemu Onofre
kama mpangaji anayelipa kodi.

Jumatano alikataa maziwa.
Alhamisi nikapapasa chini ya taya lake,
nikakuta uvimbe, mkubwa kama zeituni, wa moto.
Mkono ule nikautazama kana kwamba si wangu.

Binti Tsosie, daktari wa wanyama,
alitupokea nje, kwenye maegesho, kwa barakoa na glavu.
Hakunificha. "Huenda ni tauni," alisema,
neno la vitabu vya kale,
akalitamka kama mtu anayetaja bei ya mafuta.
"Inatibika, mtu akiwahi. Umewahi."
Paka akabaki naye. Mimi nikatumwa kwa daktari wa watu,
nikarudi na vidonge vya siku saba
na kazi.

Kuni nimezihamisha kutoka ukutani, gogo kwa gogo.
Chini yake kiota: manyoya, maganda ya mbegu za msonobari,
na kifungo cha shati la Onofre
kilichopotea mwaka ule wa theluji nyingi.
Nikamwagia jiki kiota kizima, na kifungo humo humo.
Sikufagia pakavu; vumbi la panya lina yake.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, ndivyo isemwavyo.
Ukuta ninao, wa udongo, mnene kama mkono ni mrefu;
ufa ndio wenye akili.
Nimesokomeza waya wa kusugulia sufuria, nikasiliba.

Kwa jirani Baltazar nilikwenda mara mbili.
Chakula cha mbwa wake kililala nje, bakuli wazi,
karamu isiyo na kadi.
Mara ya kwanza akaniambia baba yake
aliishi na viroboto hadi miaka tisini.
Mara ya pili nikamwonyesha picha ya shingo ya Ceniza.
Hakusema kitu. Usiku nikasikia mfuniko wa bati ukifungwa.
Kidole kimoja hakivunji chawa,
sembuse huyu anayeruka.

Ceniza amerudi, amekonda, shingo imenyolewa.
Kila mwezi namdondoshea dawa nyuma ya kisogo,
pale ulimi wake usipofika,
dawa ya paka, si ile ya mbwa, ile ingemuua,
naye hunitazama kama msaliti.
Haruhusiwi nje. Haruhusiwi kitandani.

Hili la kitanda hakuna aliyeniuliza kama naliweza.
Tangu Onofre aende, uzito ule mdogo miguuni
ndio ulioniambia kuwa usiku una mwisho.
Sasa analala upande wa pili wa mlango.
Anaukwaruza mara tatu, ananyamaza.
"Nipo," namwambia kupitia ubao.
Nasubiri, macho wazi,
hadi akwaruze tena.