Weka Mlima

"Weka mlima," aliniandikia,
"watu wa huku wanauamini mlima."
Nikauweka. Theluji nikaiongeza kidogo,
maana ya kweli imepungua, haipendezi kwenye simu.
Juu yake, kwa njano:
PEPA ZIPO. KIDATO CHA NNE. MAJIBU YA UHAKIKA.
Chini, kwa herufi za sisimizi:
pesa hairudishwi.

Anajiita Mwalimu Uhakika. Sijawahi kumwona.
Hulipa mapema, hadai risiti,
na huandika "tafadhali",
neno ambalo kamati za harusi hunisahaulia.

Mimi ni fundi wa matangazo, Kiusa,
kati ya duka la vipuri na mama wa mtori.
Sijaiba mtihani. Sijachana bahasha.
Hivyo nilijiambia, polepole,
kama mtu anayehesabu chenji
anayojua tangu mwanzo kwamba haitoshi.

Mashine iliuliza: umri?
Nikavuta kidole, kumi na sita hadi ishirini.
Mahali? Moshi, Hai, Rombo, Mwanga.
Saa?
Hapo sikutumwa na mtu. Ni akili yangu:
saa nne usiku hadi saa nane,
daftari limelowa jasho la kiganja,
kanuni imegoma kuingia,
nyumba nzima imelala isipokuwa mtoto mmoja
anayeogopa aibu kuliko dhambi.
Saa hiyo ndiyo niliyoinunua.
Naijua. Nimewahi kukaa ndani yake,
na Hesabu nikapata F ya jasho langu mwenyewe.

Jumanne, mvua ya vuli, aliingia Nakunda.
Jina nililisoma kwenye sweta, limeshonwa kwa uzi mwekundu.
"Kaka, kuprinti shilingi ngapi?"
"Mia mbili ukurasa."
Akanipa simu yenye kioo kilichopasuka.
Faili likafunguka, na ukurasa wa kwanza
ni mlima wangu,
na theluji yangu.

Elfu thelathini, akasema, bila kuulizwa.
Mikungu minne ya mama, soko la Kiboriloni.
Mama anajua ni za tuisheni.

Nikateremka hadi swali la saba:
ngazi imeegemea ukuta, tafuta pembe.
Ngazi ileile! Ilinishinda miaka tisa iliyopita
na pale kaunta ikanishinda tena.
Mwaka tu ndio waliobadilisha,
tena kwa fonti isiyofanana,
na fundi hakosi kuona fonti.

"Lakini ni ya kweli, eti?"

Ikiwa ya kweli, nimemsaidia kuiba.
Ikiwa ya uongo, nimesaidia kumwibia.
Nikatafuta upande wa tatu,
ule ambako mimi ni fundi tu.
Karatasi ina pande mbili.

Nikasema: "Wino umeisha."

Printa ilikuwa inawaka kijani, inanguruma
kama paka aliyeshiba. Aliitazama, akanitazama,
akasema asante.
Akatoka ameificha simu ndani ya sweta,
kana kwamba yeye halowi.

Nilipobaki peke yangu nikafungua tangazo.
Watu elfu kumi na moja wameliona.
Mia nne na tisa wamebonyeza.
Nikagusa *sitisha*, na mashine, kwa adabu zote,
ikataka kujua sababu:
bajeti imekwisha,
lengo limefikiwa,
picha haivutii,
nyingine.

Nikachagua nyingine. Kikafunguka kisanduku cheupe,
mshale mdogo ukipepesa, ukinisubiri.
Sikuandika kitu.
Ujumbe ukaingia: "Mbona limezimika? Tafadhali."

Nimetoka bila mwavuli.
Duka la pili, ng'ambo ya mtaro,
shata lao liko nusu,
na kabla sijainama kuingia
nasikia mashine yao
ikimeza karatasi, ikitema,
ikimeza.