Nusu Kidole

Liliteremshwa Kizota kutoka mgongoni mwa Fuso,
gari la michezo, Datsun ya mwaka sabini na mbili,
pua ndefu, milango miwili,
rangi ya chungwa iliyoliwa na jua la Mpwapwa
ikabaki kama ganda lililosahauliwa dirishani.
Na limelalia kushoto,
kama mtu anayetega sikio ukutani.

Mbeleje Chilongani akashuka na faili la marehemu baba yake.
"Fundi, lisimamishe sawa.
Wanunuzi watatu wamekuja, wote wakapinda shingo."

Nikachukua futi ya cherehani ya mke wangu,
nikapima toka ukingo wa bodi hadi kitovu cha tairi:
kulia inchi kumi na tano,
kushoto kumi na nne na robo.
Upana wa kidole. Kidole tu,
lakini jicho halisamehe kidole.

Nilianza na upepo wa matairi, maana aibu huanzia padogo.
Nikaja kwenye bushi: mpira umekauka, unameguka kama ugali wa juzi.
Nikabadili.
Shokapu zilikwishatema mafuta yake enzi za watu wengine.
Nikabadili.
Vumbi la Agosti likaingia kwenye grisi, likaingia kwenye chai,
na gari likashuka toka kwenye jeki polepole,
likatafuta ubavu wake wa zamani,
likalala.

Nikaishuku hata sakafu.
Nikamwita Mazoya mwashi na mpira wake wa maji;
maji yakatulia kimo kimoja huku na huku.
Sakafu haina kosa. Nikaiomba radhi kimoyomoyo.

Zikabaki springi.
Nikazitoa za mbele, nikazisimamisha juu ya benchi
kama watoto wa shule siku ya kupimwa urefu.
Ya kulia imezidi.
Ahaa! Leo nimekukamata.
Mkono umeshashika msumeno
Mbeleje akafungua faili: kitabu cha gari, kurasa zimegandana kwa oili,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa baba yake:
*Ndefu ni ya upande wa dereva. Usikate.
Kiwandani walimhesabu mtu.*

Nikauweka msumeno chini.
Miaka thelathini na moja ya gereji
napima magari yakiwa matupu.

Tukarudisha kila chuma mahali pake.
"Ingia. Kaa. Shika usukani."
Akaingia. Mlango ule hufungwa mara mbili.
Upande wa kulia ukashuka, taratibu, kama mzee akivuta kiti,
nami nikapiga magoti na futi yangu.

Bado nusu kidole.

"Baba alikuwa kilo ngapi?"
Akacheka kabla hajajibu.
"Tisini na kitu. Msimu wa zabibu, mia."

Mimi na Mazoya tukaleta kiroba cha mtama,
tukampakatisha,
akakikumbatia kama mtoto mzito wa jirani.
Kulia kumi na nne.
Kushoto kumi na nne.

Treni ya mizigo ikapita kule stesheni, vioo vikatetemeka.
Bili niliandika: bushi nne, shokapu mbili, grisi.
Mbele ya "kunyoosha gari" nikachora kistari.

"Na wanunuzi? Wa nne anakuja saa kumi."

Hakushuka. Akateremsha kioo kidogo,
punje mbili tatu za mtama zikadondoka mlangoni.
"Mwambie bado linalala."