Deni la Saruji

Sura ya tatu imekwama tangu Jumatatu.
Naandika: Wabudha hawakubali nafsi ya kudumu,
kuna mfululizo tu, tendo likizaa tendo.
Msimamizi kauliza pambizoni, wino mwekundu:
basi anayewajibika ni nani?

Nikatoka, jua la Malindi kisogoni,
hadi Barani, dukani kwa Kumudben,
misumari kwa kilo, rangi, mabomba.
Daftari li wazi penye jina langu:
saruji, mifuko miwili,
ya choo cha baba alipopooza.

Nikamwambia, nusu mzaha,
aliyekopa si mimi.
Yule hakujua hata irabu moja ya Kisanskriti.
Yule alikuwa na baba.

Akalamba kidole, akafunua ukurasa.
“Nami si yule aliyekukopesha.
Yule alikuwa na huruma.”

Tukacheka. Kisha feni peke yake.
Nikatoa mia tano; akaandika, hakupiga mstari.
“Na bakia, namdai nani?”
“Atakayekuja mwisho wa mwezi,” nikasema,
“amevaa viatu hivi.”

Usiku nimerudi pambizoni.
Chini ya wino mwekundu, kwa penseli:
alipaye.
Nimefuta.
Nimeandika tena.