Mumiani Mwenye Mbavu za Bibi

Joho lake tulilikata kwenye picha ya eksirei ya bibi,
ile ya kifua, iliyokaa nyuma ya kabati
ndani ya bahasha yake ya kaki. Hatukuomba ruhusa.
Ukiimulika kwa chini mbavu zinatokea,
sita upande huu, tano na nusu upande ule,
hata mumiani wetu alipokunjua mikono
ungedhani amembeba mtu ndani.

Meno ni ganda la kitunguu saumu.
Mwanakheri ndiye aliyetaka hivyo,
akacheka peke yake mpaka akaketi chini.
Viungo tulivibana kwa pini za mtandio:
mabega, viwiko, shingo.
Mji wa Amu ukatoka kwenye mfuko wa simiti,
kichochoro kimoja cha Mkomani, wikio juu yake,
na punda ambaye mguu wake wa nyuma
ulipotea siku ya pili, akaendelea kuigiza.

Kioo cha meza juu ya ndoo mbili.
Taa ya simu chini. Simu nyingine imefungwa kwa leso
kwenye mbuzi ya kukunia nazi.
Sogeza joho upana wa ukucha. Ondoa mkono. Piga.
Sogeza. Ondoa. Piga.
Picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja,
na kwa sekunde moja mumiani
hajamaliza hata kugeuza shingo.
Feni hatukuwasha, ingemrusha uvunguni.
Tulitoka jasho kama waoka mofa.

Damu tulijaribu hina, ikatoka kijivu, kama uji.
Katika picha isiyo na rangi, nyekundu haina cheo.
Tukamtilia mashapo ya kahawa.

Maandishi niliyatunga mimi, meupe kwenye weusi:

        Mumiani kafufuka,
        fungani milango yenu.

na kadi ya pili:

        Kiu haina adabu,
        haibishi hodi kwenu.

Mwanakheri akasoma, akatikisa kichwa.
Hasikii tangu ile homa, alipokuwa na miaka minne.
Kwa vidole, haraka haraka, akaniuliza:
hodi ndiyo nini mlangoni kwangu?
Mimi mgeni namjua kwa kivuli chake chini ya mlango.

Nikaitoa kadi ya pili.
Ilikuwa nzuri. Nikaitoa.

Tukafika kwenye kufa kwake.
Nilishamchora jogoo, mdomo wazi,
mistari mitatu ya sauti ikimtoka,
na mnara nyuma yake ukingoja alfajiri.
Akamchukua yule jogoo, akamgeuza chini juu.
Huyu anapiga miayo?
Kisha akachukua kipande kikubwa cha mfuko,
akafunika kioo chote, giza,
akaanza kukivuta kidogo, kidogo,
mpaka mstari mweupe ukapenya kwa chini,
mwembamba kama uzi wa kofia.
Ndivyo kunavyokucha, akasema.
Mama huwasha taa ya ukumbini atie udhu.
Mwanga hunifikia miguuni kwanza.

Picha tisini na sita, mstari ule unapanda.
Ukafika pindo la joho. Ukafika kiunoni.
Mbavu za bibi zikawaka zote
na mumiani, na meno yake ya saumu,
akakunjika pini moja moja.

Jumanne bibi ana miadi hospitalini.
Daktari atainua picha dirishani
akute tundu lenye mabawa.
Bado hatujamwambia.

Picha ya mia nne na kumi na mbili ina kidole changu,
kina ukungu, kinene kuliko msikiti,
kimelala kichochoroni kama kilizaliwa pale.
Nilitaka kuifuta. Mwanakheri akanishika mkono.
Akakunja vidole viwili, akavigusisha shingoni,
ishara yake ya mumiani,
kisha akaninyoshea mimi.